Breki Kwanza, Halafu Nilaze

Kiti changu kina mikono miwili ya breki ambayo si breki. Iko kule nyuma, chini ya vishikio vya kusukumia, na imefanana kabisa na breki za baiskeli. Ukiibana yote miwili kwa pamoja na kuvuta, kiti kizima kinalala: mgongo, makalio na mapaja vinakwenda nyuma pamoja, kama mtu anayeinamisha sinia la chakula bila kumwaga kitu. Ukiiachia, kinagota hapo hapo. Aliyekitengeneza alikuwa na akili nyingi. Alisahau jambo moja tu, kwamba na mkaaji anaweza kuwa na maoni. Mikono yangu haifiki kule nyuma. Kwa hiyo nikitazama ubao au nikitazama dari, aliyeamua ni mtu mwingine, na amesimama mahali nisipomwona.

Nimejifunza kuwajua watu kwa kisogo. Shangazi ananukia sabuni ya mche na moshi wa kuni za miwati. Mama, nikienda kwake Makambako, ananukia majani ya mahindi na hasemi kitu, anapumua tu. Na jamaa niliyekuwa nakaa naye darasani alinukia utomvu wa paina, kwa sababu kwao ni Matembwe, na huko hata shati lililofuliwa jana linanuka mbao.

Misuli yangu ilianza kugoma nikiwa darasa la nne. Haikugoma yote siku moja. Ilianza ya miguu, ya kiuno ikaona wenzake hawafukuzwi kazi, nayo ikafuata. Sasa hivi naweza kuandika, naweza kushika kijiko, na naweza kujikuna pua kama pua haina haraka. Kitu nisichoweza ni kuinua makalio yangu kutoka kwenye kiti, hata kwa unene wa daftari. Unaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Jaribu kukaa bila kujitikisa tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho, halafu njoo tuongee.

Kabla ya kiti hiki nilimaliza mwaka mzima kwa mama, Mahongole, pembeni mwa mji wa Makambako, kitandani. Mama alikuwa anatoka kwenda shamba kabla ukungu haujapanda, ananiachia uji kwenye chupa ya chai na redio. Redio ikiishiwa betri nilikuwa nahesabu malori ya barabara kuu kwa mlio. Nilifika mahali nikawa naweza kujua lori lenye mzigo na lori tupu. Huo ndio ujuzi pekee nilioupata mwaka ule, na hakuna mtihani wa taifa unaouliza.

Kiti kilipokuja kikiwa ndani ya boksi kubwa, mama alilia, mimi nikamuuliza kama boksi nalo ni langu. Ikaamuliwa nihamie Njombe kwa shangazi, dada yake baba, kwa sababu kule kuna sekondari ambayo madarasa yake hayana ngazi. Ni mwendo wa saa moja na kidogo tu kwa gari, lakini nilijiona kama ninayekwenda Ulaya. Baridi yenyewe ilifanana.

Sasa, kwa shangazi hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa. Televisheni ina kitambaa. Thermosi ina kitambaa, na kile kitambaa kina kitambaa chake cha Jumapili. Makochi yake aliyanunua nikiwa sijazaliwa na mpaka leo yana nailoni ya dukani, ukikaa yanalia kama yanakandamizwa. Kwake kitu cha thamani hakivuliwi nailoni. Kwa hiyo mto wa kiti changu, ule mnene ulioletwa maalumu kwa ajili ya ngozi yangu, ulibaki ndani ya nailoni yake, na juu yake kikatandikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye nyota katikati. Akina mama wa kwaya ya kanisani wakaja kukiona kiti, wakakipigia vigelegele, na wiki iliyofuata wakaleta kingine kidogo cha kiegemeo cha kichwa, chenye nyota ile ile.

Shuleni siku ya kwanza tu nikapewa jina. Kochi.

Nililipokea vizuri. Nilikuwa natangaza mwenyewe: "Jamani, msinikalie, nasubiri wageni." Watu walicheka, na mtu akicheka nyuma yangu naweza kumhesabu. Nilikuwa nahesabu kicheko kama nilivyokuwa nahesabu malori.

Lakini nailoni inateleza. Kila nikilazwa na kurudishwa wima nilikuwa nasogea mbele kidogo, kama gunia la viazi kwenye lori linaloteremka Njombe, mpaka mkanda unanikaba tumboni na mgongo wangu umepinda kama ndizi. Na chini kule, kwenye mfupa wa mwisho wa mgongo, kulikuwa na moto. Nikanyamaza. Mtu hawezi kuwaambia watu aliokutana nao juzi kwamba makalio yake yanaungua.

Shangazi ndiye aliyeona, akiniogesha. Kesho yake tukawa hospitali, chumba cha mazoezi ya viungo, mimi nimelazwa kifudifudi bila suruali, na mama wa mazoezi amekishika kitambaa chetu kwa vidole viwili.

"Hiki ni nini, mama?"

"Kitambaa," shangazi akasema. "Nimefuma mwenyewe."

"Kizuri kwa kweli. Na hii chini yake?"

"Nailoni yake."

"Yake nani?"

"Ya kiti. Si kilikuja nayo?"

"Mama, kwa hiyo miezi mitatu huyu kijana amekalia nailoni?"

"Sasa mama, si ili kisichakae! Anakulia uji humo, anamwaga."

Nikaona niokoe jahazi. "Daktari, mimi ni kochi la wageni. Wageni hawajafika, ndiyo maana sijafunguliwa."

Hakucheka. Nimegundua watu hawacheki sana na mtu asiye na suruali. Alibonyeza mahali pale kwa kidole, akaachia, akasubiri. Akabonyeza tena. Halafu akaja upande wa kichwa changu, akachuchumaa mpaka nikauona uso wake, na nikajua hili si la utani.

"Sikiliza, baba. Hapa ngozi ni nyekundu lakini bado ni nzima. Hii ni bahati. Ikipasuka kinakuwa kidonda, na kidonda cha hapa hakiponi ukiwa umekaa. Utalala hivi ulivyolala sasa, miezi. Shule hakuna. Umenielewa?"

Nilielewa. Niliyaona malori yote.

Ile nailoni ilivuliwa pale pale. Shangazi aliikunja vizuri akaitia kwenye mkoba, maana huwezi kujua. Kisha mama wa mazoezi akachukua spana ndogo akapandisha vikanyagio, kwa sababu miguu yangu ilikuwa inaning'inia na kunivuta mbele. Mkanda akaushusha toka tumboni mpaka kwenye nyonga. Halafu akamwambia shangazi akae yeye kwenye kiti.

"Mimi?"

"Kaa, mama. Ni dakika moja."

Shangazi akakaa, kaweka mkoba mapajani, amenyooka kama yuko mbele ya mchungaji. Mama wa mazoezi akapita nyuma na bila kusema lolote akabana, akavuta. Shangazi akaenda nyuma miguu juu.

"Yesu wangu!"

"Umeona?" mama wa mazoezi akasema kwa utulivu. "Ndivyo mnavyomfanyia kila siku. Usimlaze mtu bila kumwambia. Breki kwanza. Halafu angalia hivi vijigurudumu vidogo vya nyuma viko chini, ndivyo vinavyozuia kiti kisipinduke. Mikono yake iko ndani, si pembeni kwenye vyuma. Halafu unamwambia, nakulaza. Halafu ndipo ubane. Na kamwe si kwenye mteremko."

"Nirudishe kwanza, mwanangu," shangazi akasema akiwa bado anatazama taa.

Amri ilikuwa hii: nilazwe mara kwa mara mchana kutwa, kila mara dakika mbili au zaidi, ili uzito utoke kwenye mfupa ule uende mgongoni. Nirudi kuonyeshwa Ijumaa moja kila mwezi. Jioni ile mama alipiga simu, shangazi akaweka spika, na mama akasema taratibu, kwa sauti yake ya kumaliza mambo: ngozi ikipasuka, narudi Mahongole. Hakutaka kunitisha. Alikuwa ananipangia kitanda.

Kwa hiyo shuleni alitakiwa mtu wa kunilaza. Mwalimu wa darasa aliuliza nani atajitolea, na darasa zima likagundua sakafu ni ya kupendeza mno. Aliyesimama ni jamaa wa Matembwe. Alikuwa mtu wa maneno machache, anakaa peke yake geto, chumba cha kupanga nyuma ya sokoni, anajipikia. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kama anayepima mbao kabla ya kukata. Shangazi akaja shuleni na kanga yake ya heshima kumfundisha, na yeye akasikiliza mpaka mwisho bila kucheka hata mara moja, ingawa mimi nilikuwa pale nafanya kila niwezalo.

Tukakubaliana kila kengele. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, ikigongwa inasikika mpaka kwa wauza parachichi. Ikilia tu, nasikia kiti chake kinasogea, hatua tatu, harufu ya paina, halafu maneno yake matatu, siku zote yale yale:

"Breki. Vijigurudumu. Nakulaza."

Na dari inashuka. Dari ya darasa letu ina doa la maji ambalo ukilitazama sana ni ramani ya nchi isiyo na jina. Nikiwa pale, naye amesimama nyuma anahesabu mpaka mia na ishirini, tulikuwa tunaongea. Ni rahisi kuongea na mtu ambaye hamtazamani. Aliniambia anavyoogopa panya wa geto. Nilimwambia kuhusu malori. Siku moja, amefika kwenye sitini hivi, akaniambia baba yake aliacha upasuaji mbao, kifua kilimkataa kwa vumbi, na sasa yuko Makambako anasukuma mkokoteni wa mizigo, pale stendi. "Wengine humu hawajui," akasema. "Sitini na nane. Sitini na tisa."

Nikasema sawa.

Mambo haya mawili, kwamba aliniambia na kwamba nilisema sawa, ndiyo yanayonifanya niandike.

Ilikuwa kipindi cha Kiingereza. Mwalimu alikuwa anazungusha swali la kila mtu anataka kuwa nani baadaye. Ilipofika zamu yake, jamaa akasimama, na kile Kiingereza chake kikawa kinatafuta njia. Alitaka kusema mhandisi wa barabara. Darasa likasubiri. Kimya kile kwangu ni kama nyasi kavu kwa mtu mwenye kiberiti.

"Mwalimu, usimsumbue," nikasema. "Huyo ana kazi tayari. Ukoo wao ni wa mkokoteni. Baba anasukuma magunia stendi, mtoto ananisukuma mimi."

Sijawahi kupata kicheko kikubwa kama kile. Kilitoka kila upande, mpaka mwalimu aligeukia ubao mabega yakimcheza. Na mimi nilikihesabu chote. Ilinichukua muda kusikia kwamba upande wangu wa kulia hakuna aliyecheka. Jamaa alikaa chini.

Kengele ilipolia alikuja. Breki nikasikia tak. Akanilaza, akahesabu moyoni, akanirudisha. Yale maneno matatu hakuyasema. Kesho yake alikuwa amebadilishana kiti na mtu wa dirishani, na shule nzima ilikuwa imeshampa jina, Mkokoteni. Kengele ikalia, nikasubiri hatua tatu, nikasikia kelele za wengine wote.

Waliofuata walijaribu, siwalaumu. Mmoja alinilaza bila breki, akaitwa nje, akanisahau huko juu kipindi kizima cha Jiografia, nikasoma mito ya Tanzania kwenye doa la dari. Msichana mmoja alikuwa makini kweli, lakini aliogopa kunibana vidole, mikono ikawa inamtetemeka, nami nikamuuliza kama anaendesha kiti au anakamua ng'ombe. Hakurudi. Hivyo ndivyo ninavyofanya. Mtu akinikaribia na huruma, mdomo wangu unatangulia kumpokea mlangoni na fimbo.

Zikapita wiki mbili. Nyumbani shangazi alikuwa ananiuliza, "Wanakulaza, baba?" nami najibu, "Kama mtoto mchanga, shangazi." Halafu ananikagua kwa tochi ya simu, anapaka mafuta. Wekundu wa pale kwenye mfupa ulianza na ukubwa wa kizibo cha soda. Sasa kuufunika kulihitaji kiganja chake kizima. Hospitali ilikuwa Ijumaa ya wiki ile. Nilikuwa nakaa darasani nimejikunja kwa maumivu, natoa vichekesho, na kila kengele nilikuwa nageuza kichwa kidogo, kiasi kinachogeuka, kuelekea dirishani. Alikuwa anaangalia nje.

Jumatano jioni, nikiwa kitandani na kiti kimeegeshwa ubavuni, nikagundua kitu. Nikiwa nimelala, vile vishikio vya nyuma navifikia. Nilichukua kamba za viatu, na viatu vyangu wala havina kazi nazo, nikafunga moja kwenye kila mkono wa kubana, nikazipitisha juu ya vishikio na kuzileta mbele. Ilinichukua muda kama wa ibada ndefu. Niliona nimewashinda wote. Simhitaji mtu. Nitajilaza mwenyewe kama mfalme.

Alhamisi mchana shule yetu ina kazi za mikono. Wote wanakwenda shamba la shule, kwenye viazi, na mimi nabaki darasani na makoti ya watu. Zamani jamaa alikuwa anatoroka shambani katikati, anakuja na mikono ya matope, ananilaza, anarudi. Siku hiyo waliondoka na majembe yao wakipiga kelele, na kelele zikapungua zikaisha, na ukungu ukaingia kupitia dirisha lisilo na kioo ukakaa kwenye dawati la mbele kama mwanafunzi mpya.

Nikasema, "Mabibi na mabwana." Nikashika kamba zote mbili, nikazivuta kwa nguvu zangu zote, ambazo si nyingi, nikajitupa nyuma kwa kichwa na mabega.

Nieleze makosa yangu kwa utaratibu wa mama wa mazoezi. Breki sikufunga. Breki zangu ziko ubavuni, huwa nazifikia kwa kuzisukuma na rula, lakini siku hiyo mikono ilikuwa na kamba na kichwa kilikuwa na ufalme. Vile vijigurudumu vidogo vya nyuma vilikuwa juu, kwa sababu shangazi huvipandisha asubuhi ili kiti kivuke kizingiti cha mlango wake, na asubuhi ile alichelewa akasahau kuvishusha, na mimi sikumkumbusha kwa sababu sikutaka aione kamba. Na sakafu ya darasa letu inateremka kidogo kuelekea ukuta wa nyuma, kwa ajili ya maji ya kudekia. Mteremko wenyewe huwezi kuuona. Magurudumu yanauona.

Kiti kililala vizuri sana. Kikalala zaidi. Kikaanza kurudi nyuma peke yake, na nikaona magoti yangu yanapanda darini kama jua. Magurudumu ya mbele yakaachana na sakafu. Nilikuwa na muda wa kufikiria jambo moja tu, sikumbuki lilikuwa nini. Kisha vishikio vikagonga ukuta wa nyuma, gwaa, vikagota hapo.

Kamba zilinitoka mikononi. Nikawa nimening'inia, miguu juu, kichwa karibu na sakafu kuliko wakati wowote tangu niache kutambaa, ukuta umenishika vishikio kama mtu anayeshika masikio ya mbuzi. Kiti kikicheza kidogo kushoto, nilisikia chuma kinakwaruza rangi ya ukuta na kushuka. Kwa hiyo niliacha kupumua kwa nguvu.

Nikajaribu kichekesho. "Kochi limegeuzwa, wageni hawaji." Sauti yangu ilikwenda mpaka mlangoni ikarudi. Kutoka mbali nilisikia wanaimba shambani, wimbo wa kupokezana, na mtu mmoja anakosea na wote wanacheka. Nikatamani kujua amekosea nini. Doa la dari nililitazama mpaka nchi yake ikaisha. Nilifikiri Mahongole, chupa ya chai, betri za redio. Damu ilikuwa inanijaa usoni na machozi, kwa ule mlalo, hayaendi mashavuni. Yanaingia masikioni. Sikuwa nimelijua hilo.

Halafu nikasikia hatua. Na paina.

Zikasimama mlangoni kwa muda mrefu.

"Nimefuata sweta," akasema.

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Kila kitu nilichotakiwa kusema kilikuwa kinywani. Na mdomo wangu ukafunguka, ukasema: "Chukua tu. Na mimi ukimaliza nipakie kwenye mkokoteni."

Sijui kwa nini. Naapa sijui. Nilisikia hatua zikigeuka na kutoka.

Wimbo wa shambani ulikuwa umekwisha. Chuma kikakwaruza tena.

"Naogopa," nikasema.

Haikutoka kwa sauti kubwa. Nikaisema tena kwa nguvu, na kiti kikatikisika, na bado nikasema. "Rudi. Siwezi kujirudisha. Naogopa, kiti kinashuka. Na lile la baba yako uliniambia mimi tu, nikaliuza. Nilijua ni siri. Sikusahau, nilijua."

Kisha sauti yake, karibu kuliko nilivyodhani. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti muda wote ule.

"Breki hukufunga," akasema.

"Sikufunga."

"Na hizi kamba ni za nini?"

"Nilitaka nijilaze mwenyewe."

Akapumua kwa pua. Nikasikia anasukuma breki ya kushoto kwa mguu, tak, anazunguka, ya kulia, tak. Kisha akawa nyuma yangu, amejipenyeza kati ya ukuta na kiti, na bega lake likaingia chini ya vishikio.

"Ingiza mikono ndani. Usijitikise." Halafu, kwa shida kidogo, "Nakuinua."

Darasa likarudi mahali pake. Ubao, meza, makoti ya watu. Kichwa kilinizunguka na sikumwona vizuri mpaka alipokuja mbele kuninyoosha mkanda kwenye nyonga, kama alivyofundishwa. Sweta alilosema amelifuata alikuwa amelivaa tangu shambani. Lilikuwa na matope mpaka kwenye viwiko.

Ni mara ya kwanza nimeona kitu cha kuchekesha nikakiacha.

Alifungua zile kamba kwa meno, maana mafundo yangu ya kitandani yalikuwa mabaya, akazikunja akazitia mfukoni mwangu. Akashusha vijigurudumu vya nyuma. Akasimama hapo mbele yangu akitazama dirishani.

"Baba amepata mzigo wa kila siku sasa," akasema. "Wa viazi. Anasukuma kutoka maghala." Aliongea kama mtu anayeweka kitu chini ili kila mmoja akione. "Ukitaka kulisema, liseme vizuri."

"Silisemi."

"Sawa," akasema, kama nilivyosema mimi siku ile. Akarudi shambani.

Ijumaa mama wa mazoezi alibonyeza, akaachia, akasubiri, akabonyeza. Shangazi alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa kifudifudi nasikiliza saa ya ukutani. "Nyekundu sana," akasema hatimaye. "Sijaipenda. Ila haijapasuka." Nilimweleza habari za kamba, zote, na akanikaripia mpaka mgonjwa wa pazia la pili akaniombea msamaha. Kisha akaniambia nirudi baada ya wiki moja, si mwezi, na kwamba wiki hiyo ndiyo itakayoamua. Shangazi akampigia mama palepale ukumbini. Kwenye simu, kabla mama hajajibu, nikalisikia lori likipita kule kwake. Lenye mzigo. "Basi wiki hiyo," akasema.

Jumatatu jamaa alikuwa bado amekaa dirishani. Hakurudi kwenye kiti cha kulia, na mpaka leo hajarudi. Wanamwita Mkokoteni, naye haitikii, na mimi nikiwepo nasema jina lake halisi kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Ninapotoa kichekesho darasani watu wanacheka, na upande wa dirishani nasikia kimya, nami nimeacha kujifanya sikisikii.

Rimu ikagongwa. Darasa lilikuwa na fujo za mwalimu aliyetoka na mwalimu ambaye hajaja. Nilikuwa nimekaa wima, mfupa ule unaniwaka, nimeweka mikono ndani, natazama ubao usiofutwa. Nilisikia kiti kinasogea, mbali. Hatua zilikuwa nyingi kuliko tatu, maana anatoka dirishani. Nikazihesabu. Tisa.

"Breki," akasema nyuma yangu. Tak, na tak.

"Vijigurudumu."

Nikasubiri neno la tatu.